Sweta la Somoe

Chini ya cherehani ya fundi Likwata
huanguka Newala nzima:
ncha ya kitenge cha harusi ya kwa Nambunga,
ukanda wa kaniki, kola iliyokosewa,
pindo la kanga lililokatwa katikati ya usemi,
likabaki USINIONE, basi.

Mimi hufika saa kumi na moja na mfuko wangu,
kabla hajashika ufagio.
Nainama, nachambua. Hanitozi. Husema tu,
"Dada, hata takataka zangu umezifanya mtaji."
Takataka ni zako, fundi. Mtaji ni wangu.

Nyumbani nina kopo la vifungo,
mkasi uliovishwa kitambaa usinichubue kidole,
sindano mbili; ya tatu aliiangusha Somoe
na mpaka leo tunakanyaga kwa adabu.

Kifungo nikikivika kitenge, hereni.
Vipande vitatu nikivisuka, bangili.
Gunia la korosho, bado linanuka ghala,
nalikata duara, nalishonea mgongoni mwa ua
lisilegee likibandikwa kifuani.
Ila ua lenyewe linataka sufu,
na sufu ya dukani ina bei ya dukani.

Ndipo likatoka lile sweta.
Chini ya godoro, bluu ya shule,
kiwiko kimetoboka, na ndani ya shingo
namba ya bweni kwa uzi mwekundu: 41.
Somoe alilivaa miaka miwili kasoro muhula.
Mwaka ule ubwiri unga uliila mikorosho ingali maua,
ada ikasimama mlangoni,
kisha tumbo lake likamalizia maneno.

"Nilifumue?"
Alikuwa anapepeta choroko.
"Fumua."
Hakuinua uso.

Sweta halifumuki unapotaka wewe.
Lina upande wake. Ukilianzia pabaya
linakaza, linajitia mafundo, linakatika.
Utafute uzi ule wa mwisho kufungwa,
uuvute taratibu,
nalo litarudi nyuma mstari kwa mstari,
kifua, bega, mkono wa kulia.
Wa kushoto uligoma. Nikauacha.

Uzi ulitoka umejikunja
kama nywele zilizofumuliwa jana,
kila kitanzi kimeshika pale kilipokuwa.
Sufu haisahau upesi.
Nikaichovya maji moto, nikaitundika uani
na jiwe likining'inia chini yake,
upepo wa Shimo la Mungu ukiitikisa siku mbili.
Siku ya tatu ikanyooka.
Karibu yote.

Yakatoka maua kumi na saba.
Ule uzi wa 41 sikuutupa. Ulitosha ua moja,
nikauzungusha katikati, mahali pa chavua.

Jumamosi akaja Mwalimu Chitanda
kwenye meza yangu ya kuazima,
akayapitia yote kwa kidole, akarudi,
akachukua lile lile.
"Nina mahafali Jumatano," akasema,
akalibandika kabla hajauliza bei.
Nilimrudishia chenji. Sikumwambia kitu.

Jioni nikamwambia Somoe.
Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni
na mkono wake ulisimama kwenye fundo la kanga
mpaka nikajuta kufungua mdomo.
Kisha akacheka, kicheko kifupi,
cha mtu aliyeipata sindano iliyopotea kwa unyayo:
"Afadhali. Limefika Kidato cha Nne."

Usiku ukungu uliteremka hadi kizingitini.
Niliamka nikamkuta karibu na koroboi,
mkono wa kushoto wa sweta mapajani,
mkasi wangu mkononi.
Aliukata begani, akakaza ncha moja kwa uzi,
akageuza ndani nje.

Tukamvisha mtoto, naye kalala.
Kofia ilimshuka hadi puani.
Somoe akaikunja mara moja, akaitazama,
akaikunja tena.