Kirungu cha Mninga

Datsani ya sabini na sita, rangi ya maziwa yaliyolala,
niliikuta Cheyo imeegemea ukuta wa nyumba ya reli,
kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma.
Bi Kalunde aliondoa yai kwanza, akalifunga pembe ya kanga,
ndipo tukaanza maneno ya bei.
Akataja milioni mbili. Nikataja moja na laki mbili.
Tulikutana njiani, kwenye moja na laki saba,
na yai akanipa.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa kumi na tisa huu,
kibarazani mwa duka la vitenge,
napunguza viuno vya kafa Ulaya,
nageuza koti la mzungu mnene
kuwa suti ya bwana harusi wa Ipuli.
Ungedhani mtu kama mimi hana huruma
na mshono wa mwenzake.

Hamduni wa gereji ya Gongoni aliizunguka mara tatu,
mikono nyuma, kama mshenga.
"Injini hii tunatupa, naweka ya Korola.
Tunainyanyua inchi mbili. Rimu za kumeta,
vioo vyeusi, taa za buluu kwa chini,
spika buti nzima,
mpaka Ng'ambo wajue Fundi anakuja."
Nikamwuliza: wakijua, suruali zitaongezeka?
Akacheka, akaipiga boneti kofi.
Boneti ikabonyea, ikarudi yenyewe.

Shaibu, mtoto wa dada, akaandika kutoka Dar:
Anko, usiguse hata nati. Orijino ndiyo pesa.
Funika turubai, subiri wenye nazo.
Gari la kufunikwa!
Na mimi kila gulio la Ulyankulu
nadandia lori la tumbaku na marobota yangu,
nikifungua sare za shule
watoto wanapiga chafya.

Usiku nilikaa ndani yake, simu mdomoni ikimulika.
Nikafanya nifanyavyo kwa kila nguo iliyovaliwa:
nikaipindua, nikasoma pindo.
Nyuma ya kikinga jua, penseli:
tarehe, lita, tarehe, lita,
na mara moja tu, kati ya lita nane na lita kumi,
"Nyanzobe kazaliwa."
Kisha mkono ukagusa kirungu cha gia.
Si cha kiwandani. Mninga, ukubwa wa ndimu,
upande mmoja umechimbwa kikalio cha gumba,
mfereji wa kidole cha shahada,
mfereji wa pili,
halafu tambarare.

Asubuhi nikarudi Cheyo kuuliza.
"Ah, hicho. Vidole viwili vya Msabila
vilibaki kwenye kiungo cha mabehewa, stesheni hapo,
mwaka ule wa mvua. Kile cha Wajapani
kikawa kinamteleza. Akachonga mwenyewe, wiki nzima,
ananitukana mimi."

Basi orijino ilikwisha zamani, Shaibu.
Kuna mtu aliikata nguo hii kwa kipimo chake
na mshono umeshika.

Nikamwambia Hamduni: ongeza jani moja
kwenye springi za nyuma, marobota hayana adabu.
Badili breki. Rejeta izibwe.
Usikate bodi. Usichomelee kisichofunguka;
nguo huachiwa akiba kwenye pindo,
hujui atakayeivaa kesho ana tumbo gani.
Taa za buluu nilizitazama dukani siku mbili,
nakiri. Nikarudi na mafuta ya breki.
Hamduni akanuna kama aliyerukwa na sinia la pilau,
kisha akakishika kirungu, spana tayari.
"Hiki basi tutoe. Ninacho cha alumini, nakupa bure."

Kiache, nikasema.

Wiki ya tatu sasa. Nyuma marobota, mbele vumbi,
gia ya pili bado inalia kama mkasi juu ya bati.
Nautazama mkono wangu wa kushoto:
bila kuagizwa na mtu
vidole viwili vya mwisho vimejikunja kiganjani,
vimetulia,
kama wageni walioonyeshwa kiti
wakaambiwa kina mwenyewe.