Juzuu ya Kumi na Moja

Shaame, usinipigie kelele, mvua ya Northampton inatosha.
Nimekaa juu ya zulia, nyayo zimeelekea hita,
juzuu hii nimeiazima mwenyewe maktaba,
kwa kadi yangu, si yako.

Wewe unaye Tsurimaki wa kwenye kioo,
mwenye koti linalopepea hata akiwa ndani ya nyumba,
anayelitangaza pigo kabla hajalipiga
kama mpiga mnada.
Moto wa buluu, ngoma, mlima unapasuka,
halafu tangazo la bima ya gari.
Vipindi vitatu vya ngumi moja!
Mwishowe anaanguka, analia, anashukuru.

Wangu hasemi.

Ukurasa wa themanini na nne,
kutoka kulia kwenda kushoto,
kama mama alivyotusomesha, kidole chake juu ya msahafu
(ndiyo maana mimi sikupata tabu
wenzangu wa darasani walipoanzia nyuma
wakajua nani kafa kabla hawajajua nani kazaliwa).
Kisanduku cha kwanza: ngumi ya shujaa, kubwa, inakuja.
Cha pili: vidole viwili.
Cha tatu ni cheupe.
Hamna hata mstari, hamna hata pu!
Cha nne, Tsurimaki anafunga kamba ya kiatu.

Haya, nambie yupi mwenye nguvu.

"Wako hana hata rangi.
Wangu kapasua mlima.
Na usinitajie debe tupu, nimeshalisikia."

Mlima ule, ndugu yangu, haumo kitabuni.
Waliuchora watu wa televisheni
kwa sababu mchoraji alichelewa
na Jumapili haimngoji mtu.
Mlima wa kujazia,
kama maji kwenye mchuzi
wageni wanapobisha hodi jiko limeshazimwa.

Ukanyamaza. Ukaitafuna ile kamba ya kofia yako.
Nami ningenyamaza, lakini mdomo wangu unaujua.

Kwani Alhamisi, mezani, ulimsimulia nini mama?
Raundi ya kwanza ulimkwepa. Ya pili ulimkwepa.
Ya tatu Kieran akaja kama treni ya London,
ukainama, ukainuka, ukateleza, sakafu ilikuwa na maji.
Mama akauliza, ni mrefu huyo mtoto?
Mrefu, ukasema, kama mnara wa lifti,
na mkono wako ukapanda juu ukakaribia taa.
Wali ukapoa.
Mama akasema maskini mwanangu, akakuongezea kipande cha kuku,
kile nilichokuwa nimekitolea macho mimi.

Mimi nilikuwa ukumbini, nyuma ya kamba,
simu mkononi.
Sekunde tisa, Shaame.
Nne kati ya hizo unarekebisha kaptula.
Kieran ananifika begani.
Hakutangaza kitu.
Mkono wa kushoto, mfupi, kama mtu anayezima swichi,
nawe ukakaa chini taratibu
kama uliyedondosha shilingi.
Sakafu ilikuwa kavu.
Kisha akakupa mkono, akakuinua,
akakukazia ule mkanda wa kofia uliokaa upande.

Sikumwonyesha mama.
Nimeitazama usiku, sauti nimeifunga,
mara sita, pengine saba,
nikitafuta ile ngumi ilipoanzia.
Haionekani.
Kuna bega, halafu kuna wewe chini,
na katikati pana kitu cheupe.

Sijui kwa nini nakuambia. Nilitaka kushinda tu.
Sasa umegeuzia uso dirishani
unahesabu magari ya Barabara ya Wellingborough
kana kwamba umeajiriwa kuyahesabu,
na sikio lako la kulia bado limevimba.

Sikiliza. Juzuu ya kumi na mbili
ameichukua mtu mwingine mpaka tarehe tisa.
Sina cha kusoma.
Sogea hapo kwenye kochi, nipe upande wenye blanketi,
mwashe huyo wako.
Anzia pale anapovua koti.
Nataka niuone tena huo mlima.