Jozi Tano

Ukuta wetu ni wa mawe ya volkano,
meusi, yenye vitundu kama mkate.
Chaki haishiki vizuri. Nabonyeza tu.
Mama yuko nyuma yangu, kitenge kimejaa vumbi la makala:
"Kavira, polepole. Usikimbie kama mwalimu wako."

Magunia matatu, na elfu mbili za chukudu,
amelipa elfu tisini na tano.
Haya. Bei ya gunia tuiite x.
"Kwa nini x? Haina jina?"
Inalo, mama, ila bado hatulijui.
Kwanza teremsha chukudu, iweke kando:
zimebaki tisini na tatu.
Gawa kwa tatu. Elfu thelathini na moja.
Sasa rudi ulikotoka: mara tatu, ongeza mbili,
tisini na tano.
Mama anaguna.
"Yule wa Sake aliniapia thelathini."

Mkopo wa kina mama wa Birere:
elfu arobaini, riba asilimia kumi na tano.
Ya kumi ni rahisi, ondoa sifuri moja: elfu nne.
Ya tano ni nusu yake: mbili.
"Elfu sita," anasema,
kama aliyekanyaga jiwe lenye ncha.

Halafu zamu ya maji.
Wawili wawili, bidoni ya njano, hadi ziwani,
kila jozi na siku yake, pasiwe na ugomvi.
Tuko watano. Kila mmoja ana wenzake wanne.
Tano mara nne, ishirini.
Lakini mimi na Masika ni Masika na mimi,
bidoni ni ileile.
Gawa kwa mbili: siku kumi.

"Mwaka jana zamu ilizunguka siku kumi na tano."

Ndiyo. Tulikuwa sita.
Sita mara tano, nusu yake.
Nilidhani Kasereka aliondoka peke yake.
Kumbe alichukua jozi tano:
yeye na Masika,
yeye na Paluku,
yeye na Kambale,
yeye na Kakule aliyekuwa akimbeba mabegani,
yeye na mimi.

Mama ananipokonya chaki.
Hajawahi kuandika ukutani.
Anachora x moja, kubwa, imeinama,
bila alama ya sawa na.
"Na hii?"

Hii inataka kitu cha kulinganisha, mama.
Simu moja. Mtu aliyemwona Walikale.

"Basi iache."

Usiku mvua ilinyesha.
Ilifuta magunia, ikafuta mkopo.
Asubuhi niliingiza kidole katika vitundu vya mawe,
pale mama alipobonyeza.
Kilitoka cheupe.