Nukta Dukuduku

Bethany, binti wa chumba cha mionzi,
aliniomba radhi kabla ya kunidunga.
"Utasikia baridi kidogo," akasema. Baridi!
Ningempeleka kituo cha basi cha Harehills,
saa kumi na mbili asubuhi, Januari,
kofia ya Mhina juu ya kichwa
kinachong'aa kama kibuyu.

Nukta tatu za wino wa buluu:
moja ubavu wa kulia, moja ubavu wa kushoto,
moja katikati, pale titi lilipokuwa na jirani.
Hazifutiki, akasema. Ni za mashine,
ijue kila siku pa kupiga, mara kumi na tano.

Sikumwambia kwamba nilikuwa mwalimu.
Darasa la sita, Muheza, miaka kumi na mmoja,
chaki mpaka kwenye nyusi.
Alama za uakifishaji niliwafundisha kwa makofi:
koma, kofi moja, pumua.
Nukta, makofi mawili, simama.
Na hizi tatu zikifuatana, watoto, zaitwaje?
Dukuduku, mwalimu!
Na maana yake?
Maneno bado yapo, mwalimu,
ila mwenyewe hajayasema.

Tangu ile dawa nyekundu
ulimi wangu umekuwa kijiko cha bati.
Chai bati, wali bati,
hata busu, Mungu anisamehe, lilikuwa bati.
Mhina hachoki. Kila Jumamosi Soko la Kirkgate,
anabonyezabonyeza machungwa ya Hispania kama daktari,
anarudi na matatu tu, mazito,
anamenya bila kukata ganda, utepe mmoja mrefu,
kisha anautundika sikioni mwa Tunu.

Hilo kalitoa kwa mama yangu, wiki ile ya posa.
Mama husema ganda likikatika, mgeni hafiki.
Kwake halikukatika hata siku moja,
na wageni walifika, tukalala watano mkeka mmoja.
Nilimnunia kwa hilo miaka.
Leo usiku, Leeds imenyamaza, kipima joto kwapani,
natamani goti la binamu yeyote
mgongoni mwangu.

Tunu ana miaka saba, hana adabu za hospitali.
"Mama, nionyeshe."
Mhina anakohoa, anaenda kuosha sahani zilizo safi.
Nafungua vifungo.
Analitazama kovu bila kupepesa,
kama atazamavyo mvua dirishani
akingoja iamue.
Halafu nukta. Kidole kinanata maji ya chungwa:
moja, mbili, tatu,
anaziunganisha kwa mstari.
"Ni kamba ya kuanikia," anasema.
"Lakini haina nguo."
Jikoni sahani imeanguka. Haikuvunjika.
Namwambia nguo bado zinafuliwa,
na yeye, kwa kuwa ni mtoto wa hapa,
anauliza kama mashine imeharibika.
Tumecheka mpaka mshono ukalalamika.

Nikapata ladha, wakati ule, kwenye kile kidole.
Sitasema tamu. Ilikuwa chachu,
chachu halisi, ya chungwa, si ya bati,
nikakirudisha kinywani nihakikishe,
naye akapiga kelele kwamba namla.

Mama yangu nimemdanganya miezi saba.
Kila Jumapili: "Mbona sauti yako imevaa koti?"
Nami: "Ni mafua, Mama, baridi ya huku."
Ananyamaza kidogo, anauliza bei ya vitunguu.
Namjibu bei ya vitunguu.

Leo si Jumapili. Ni Jumanne.
Tunu amelala na utepe wa ganda mkononi.
Mhina amekaa ngazini, hasogei,
anajifanya anafunga kiatu.
Simu inaita Muheza, mara nne, mara tano.

Shikamoo, Mama. Kuna jambo...

Marahaba, anasema.
Nasikia kigoda kikiburutwa.
Ngoja kwanza nikae.