Kaongo

Saa nane usiku, Tukuyu. Mvua ya mwezi wa nne
inamwagika juu ya bati kama mahindi toka guniani,
na Gwakisa ameamua leo halali mtu.
Nimemnyonyesha. Nimembadilisha nepi.
Nimemtembeza toka mlangoni hadi dirishani,
hatua tisa kwenda, tisa kurudi,
saruji inaning'ata nyayo.
Baba yake yuko Tunduma, kwenye foleni ya malori,
analala ameketi, lakini analala.

Chuchu ya mpira niliinunua kwa Mwaisaka, kando ya stendi,
ya bluu, shilingi elfu mbili, hakupunguza hata mia.
Nesi wa kliniki alisema: ichemshe kila siku,
usiipake asali, usiifunge kamba shingoni mwa mtoto.
Mama mkwe alisema neno moja: kaongo.
Kaongo kadogo ka mpira.
"Unamnyonyesha mwanangu hewa.
Mimi nimelea saba kwa mgongo huu."
Ni kweli. Mgongo nimeuona,
umepinda kama mgomba uliolemewa na mkungu.

Lakini usiku hauulizi nani kalea wangapi.
Naipachika. Midomo inaikamata,
inaitema, inaikamata tena,
halafu ule mwendo:
nyo, nyo, nyo,
mabega yanashuka, ngumi inafunguka
kidole kimoja kimoja,
kama mtu anayekubali kulipa deni.
Nimesimama nusu nimeinama, sithubutu kunyooka.

Ikadondoka.
Tok.
Radi zote za Rungwe hazina sauti kama hiyo.
Nani analijua giza kama mwenye kutafuta chuchu?
Nikapapasa: kandambili, soksi, punje ya mahindi,
kifuniko cha chupa ya chai tulichokitafuta tangu Pasaka.
Simu imezima.
Na mtoto anavuta ile pumzi ndefu,
ile inayokwenda mbali kabla ya kurudi na kilio.

Mlango ukasukumwa.
Mama mkwe, khanga juu ya sweta, tochi mkononi.
Hakunisalimu. Akapiga goti la kulia,
akaguna, akapiga na la kushoto,
akaingiza kichwa chini ya kitanda.
"Kako wapi," akasema huko huko chini, "kale kaongo?"

Alikakuta nyuma ya mguu wa kitanda.
Akakafuta kwa pindo la khanga, akakamulika,
hakuridhika;
akakatia kinywani mwake (nesi asinisikie),
katikati ya meno yake manne,
akakanyonya kukasafisha,
akaendelea kukanyonya
kupita usafi ulivyohitaji,
amefumba macho, magoti bado sakafuni,
na mimi na mtoto tukimtazama, kimya.

Kulipokucha, akipepeta mchele,
bila kuniangalia, akauliza
kwa Mwaisaka kanauzwaje.