Tatu kwa Kumi

Gari la Manchester lilifika saa nne, likaja na mvua,
ingawa Giffnock mvua haihitaji kusafirishwa,
likatuachia mlangoni maboksi matatu
yaliyobanwa kwa gundi kama zawadi ya mtu mchoyo.

Kabati zetu zimekwisha kuvishwa karatasi za fedha.
Unga umetoka, bia imetoka, na biskuti za shayiri;
hata mifuko ya koti la baba nimeikung'uta,
chembe ya mkate isije ikajifanya mgeni wa Pasaka.
Jiko linang'aa kama wodi,
na halina mpishi.

Mama alikuwa akisema, chakula cha pakiti
ni cha watu wasio na mikono.
Alisema hivyo miaka arobaini
akiwa nyuma ya mlango wa jiko, ameufunga.

Basi baba kavuta kiti, kachonga penseli,
kapiga mistari juu ya kifuniko cha boksi.
Isadore Fruhmann, mhasibu mstaafu,
hali kitu asichokitia hesabuni.
"Anza," akasema.

Nikaanza na nafaka za asubuhi, viduara vya rangi
vilivyotengenezwa kwa wanga wa viazi na ujasiri.
Alitafuna. Akatazama dirishani. Akatafuna tena.
"Boksi lenyewe lina ladha zaidi."
Mbili.

Tambi zisizo na ngano zilipoguswa na maji ya moto
zilisahau kwamba zilikuwa tambi.
Moja.

Haradali isiyo na hata mbegu ya haradali:
"Huu ni uvumi tu," akasema, akaupa nne, kwa huruma.

Kaukau za viazi, tisa. Kiazi ni kiazi,
hata Farao asingekiharibu.

Vile vidonge laini vyeupe, sukari na gelatini ya samaki,
tulivila vinnevinne bila kutazamana,
na penseli haikuandika kitu.

Mwisho, madonge ya supu, pakiti yenye jogoo wa buluu.
Nilifuata maandishi herufi kwa herufi:
mayai mawili, mafuta, maji, subiri.
Yalizama.
Yakakaa chini ya sufuria
kama wapangaji wasiolipa kodi.
Baba alikata moja kwa kijiko, akalimaliza,
kwa ile adabu ya kula msibani.
"Ya mama yako yalielea," akasema.
Tatu kwa kumi.

Jioni nikapanda darini kuteremsha sanduku la vyombo
ambavyo mwaka mzima havioni mwanga ila wiki hii.
Sahani, kikombe cha Eliya, ungo wa chai.
Na ndani ya sufuria kubwa, chini ya gazeti la mwaka juzi,
pakiti tupu iliyokunjwa mara nne.
Jogoo. Wa buluu.
Mgongoni, mwandiko wake uliolalia kushoto:

*yai la tatu*
*maji ya soda, si ya bomba*
*tangawizi, ncha ya kisu*

na chini, amepigia mstari:

*Izi asijue.*

Nilimpa. Akavaa miwani,
akaisoma kama asomavyo risiti,
kutoka chini kwenda juu.
Friji ilinguruma, ikanyamaza.
"Miaka arobaini," akasema,
nami sikujua kama alikuwa akijumlisha
au akilalamika.

Kumbe yaliyoelea yalikuwa yameundwa,
na muundaji alijua kufunga mlango.

Kifutio hatuna. Akalowesha kidole gumba kwa ulimi,
akaisugua ile tatu mpaka boksi likachubuka,
asiandike nyingine mahali pake.
Kisha akainuka, akafungua kabati moja, ya pili,
fedha zikichakarika,
akauliza tangawizi huwekwa wapi humu ndani.

Sikujua.
Tukaitafuta wote wawili.