Mamba wa Jumapili

Nilimwahidi Twite: ukipanda darasa, twende tukaone simba.
Amepanda, kwa asilimia hamsini na mbili,
na hiyo mbili anaitembeza mtaani
kama sarafu aliyoiokota.

Basi Jumapili ya Julai, baridi ingali imeng'ang'ania vidoleni,
tukatoka Kamalondo kwa miguu ili nauli igeuke karanga.
Nyuma yetu bomba refu la kiwanda
na mlima wa mavi ya shaba, mweusi,
ambao Twite, kabla hajajua kusoma,
aliuita tembo aliyelala.

Langoni mlinzi alimpima kwa macho:
"Huyu ni mtu mzima, alipe yote."
Nikamwambia, mtu mzima gani hana meno ya mbele?
Tukaelewana kwa nusu.

Simba alitupa mgongo.
Mama mmoja mwenye kitenge cha harusi akamwita,
"Wee, bwana mkubwa! Geuka, tumelipa!"
Hakugeuka. Mkia tu ulimfukuza inzi mmoja,
kama karani anayekwambia urudi kesho.
Tausi aliburuta mkia vumbini,
bibi harusi aliyekosa gari.

Sokwe alipenyeza mkono kati ya vyuma,
kiganja juu,
kiganja chenye mistari kama changu,
na mimi, ninayekataa kukopesha watu unga tangu alfajiri,
nikampa karanga zote.
"Shangazi," Twite alisema, "zile zilikuwa zangu."

Ni kwa mamba tulikokwama.
Kidimbwi cha saruji, maji rangi ya sombe,
na yeye ukingoni, mdomo wazi,
tumbo halipandi, halishuki.
"Wa plastiki huyo," kijana mmoja alisema.
"Alikufa tangu Pasaka," alisema mwenzake,
wakaenda zao kutafuta soda.
Twite akaketi chini, sweta likavuka magoti.
"Tungoje apepese."

Tukangoja.
Jua likahama kutoka bega langu hadi kwake.
Watu walikuja, wakacheka, wakapiga picha, wakaondoka.
Jani likaangua juu ya pua ya mamba
likakaa pale kama limepanga nyumba.

Ndipo, bila kunitazama:
"Simu ya baba bado haiiti?"

Kaka yangu, mwezi wa saba huu, yuko Kolwezi,
chini ya ardhi, tochi kichwani, gunia mgongoni.
Kila Jumamosi nampigia,
na yule mwanamke wa ndani ya mashine
ananijibu kwa Kifaransa kilichopigwa pasi
kwamba mtu wangu hapatikani.
Nimemzoea. Siku nyingine namsalimia.

"Haiiti," nilisema.
"Lakini haijasema amekufa."
"Haijasema."
Akaitikia kwa kichwa, kama aliyehesabu chenji
akaikuta kamili,
akarudisha macho majini.

Mlinzi alipopuliza filimbi ya kufunga
nilikuwa nimeinama, nafunga kamba ya kiatu changu.
"Amepepesa! Shangazi! Umeona?
Jicho la upande ule, polepole,
kama mtu anayefunga duka!"
Nilitazama. Jani lilikuwa limeanguka.
Labda upepo.
"Nimeona," nilisema,
na Mungu ajue mwenyewe atakavyoliandika hilo.

Njiani aliniomba simu.
Akabonyeza namba ya baba yake, anaijua kwa moyo
kuliko anavyojua jedwali la saba.
Nikamsikia yule mwanamke akianza maneno yake yaleyale,
na Twite, bila kumkatiza ukali, juu yake,
akaanza kusimulia: kidimbwi, jani, kijana wa plastiki,
jicho.
Mwanamke alimaliza, akakata.
Twite hakukata.
Aliendelea hadi tukapita stesheni,
simu imezimika mwanga sikioni,
maana alikuwa bado hajafika kwenye sokwe.